Stesheni isiyo na treni: nyota nne kwa mahali, nyota mbili kwa vile tunapatunza

Wengine wanarivyu hoteli na simu, acha mimi nirivyu stesheni ya reli iliyokufa. Kabla mtu hajauliza, ndio, unaweza kuitembelea, ni bure, hakuna geti, hakuna foleni na hakuna mtu wa kukwambia umechelewa. Ni ya reli ya zamani, ile yenye upana wa mita moja, kipande cha Sultan Hamud kupanda Konza, na jina sitalitaja kwa sababu moja nitaieleza huko chini, inahusu vyuma. Wa huko mtaijua tu kwa maelezo.

Kufika si kazi. Panda matatu ya Barabara ya Mombasa, shuka steji, chukua boda ama tembea kama jua halijawa kali. Kazi ni kuiona. Mji wote umehamia lami. Yale maduka ya zamani yenye veranda na nguzo za mbao yalijengwa yakitazama reli, sasa yametobolewa milango upande wa pili na huko nyuma ndio kumekuwa mbele, kwa hivo stesheni unaiingilia kupitia uani kwa watu, katikati ya mapipa ya maji na kamba za nguo, unapisha mbuzi, unasema hodi kwa mtu anayeosha sufuria, halafu pap, pako wazi na uko kwenye jukwaa. Mimi nimezaliwa hapo na bado nilisimama kidogo nikijiuliza niingilie wapi.

Kitu cha kwanza utaona ni kibao cha jina. Stesheni za reli hii kibao kilikuwa kinakwambia jina, urefu kutoka usawa wa bahari kwa futi, na umbali kutoka Mombasa. Sisi watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hiyo namba ya futi tuliijua kabla ya kujua namba za vyumba vyetu, tulikuwa tunaishindania shuleni na watoto wa stesheni jirani, nani anaishi juu kuliko mwenzake, na kwa vile reli inapanda kutoka pwani, wale wa juu yetu upande wa Nairobi walitushinda kila siku na hakuna kitu tungefanya. Sai kutu imekula tarakimu ya mwisho, kwa hivo naona tunaweza kuanza upya huo mjadala.

Jengo lenyewe limesimama. Mabati ya upande mmoja yameenda (na unajua yameenda wapi, angalia mabanda ya kuku ya karibu) lakini kuta ziko na dirisha la tiketi liko, na kama una dakika tano tu za kukaa hapo zimalizie kwa hilo dirisha. Ni dogo, limewekwa chini, mtu mzima ilikuwa lazima ainame ndio aongee na karani, nadhani waliofanya hivo walijua wanachofanya. Ile mbao ya chini imelika katikati, imefanya kijibonde laini kabisa, miaka na miaka ya sarafu kusukumwa na viwiko kuegemezwa. Weka kidole hapo uone. Tiketi zilikuwa vile vikadi vidogo vigumu, karani anakiingiza kwa kamashine ka chuma kanapiga tarehe, kah, halafu anakusukumia na chenji yako. Daraja la tatu. Sijawahi kusikia mtu wa kwetu amenunua la kwanza pale, ingawa bei yake ilikuwa imebandikwa ukutani kwa heshima zote.

Ndani hakuna kitu. Sakafuni kuna bolti nne zimebaki pale mizani ya mizigo ilipokuwa, na nje kwenye boriti kuna waya ulioning'iniza kile kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu. Kipande chenyewe kimeenda.

Sasa tuongee huduma, manake vijana wakiona hilo jengo wanadhani kazi ya stesheni ilikuwa kuuza tiketi na wanashangaa mbona mji mdogo hivo ulihitaji stesheni. Kazi kubwa ilikuwa kupishanisha treni. Reli ni moja, za kupanda na za kushuka zote zinatumia hiyo hiyo, kwa hivo kila baada ya kilomita kadhaa lazima kuwe na mahali inagawanyika, moja inaingia pembeni kungoja nyingine ipite. Na enzi za mvuke injini ilikuwa inakunywa maji kweli kweli, ndio maana ya lile tangi lenye miguu ya chuma ambalo bado liko, limetoboka lakini liko. Stesheni masta anazungusha mkono wa simu, anamuuliza mwenzake wa stesheni ya mbele kama njia iko wazi, na mpaka ajibiwe hakuna kitu kinatoka hapo, hata kama ndani kuna waziri. Akijibiwa kengele inagongwa, pointi, vile vyuma vya kubadilishia njia, zinageuzwa, gadi anainua bendera ya kijani ama taa ya kijani kama ni usiku. Mzee wangu alikuwa kwa gengi, wale wa kutembea na nyundo na spana ndefu wakikagua kipande chao, na kwetu nyumbani hakuna mtu alikuwa na saa ya ukutani, ukisikia chuma kimegongwa unajua ni gari gani na kwa hivo ni saa ngapi, isipokuwa siku ambazo lilichelewa, na tuseme ukweli lilikuwa linachelewa, kwa hivo mji mzima ulikuwa unachelewa pamoja bila mtu kujua.

Usiku ndio ulikuwa mtamu. Gari la abiria la Mombasa lilikuwa linatoka Nairobi saa moja jioni, kwetu linafika watu wa kawaida wakiwa wanajiandaa kulala, na ndio kwanza soko linafunguliwa. Taa za koroboi jukwaani kote, kina mama na beseni za machungwa, ndizi, mayai ya kuchemsha na chumvi kwa kikaratasi, wengine na vyondo walivyosuka mchana. Madirisha ya daraja la tatu ndio wateja. Ya daraja la kwanza tulikuwa tunayaangalia tu, na lile behewa la chakula lenye vitambaa vyeupe mezani na mhudumu wa koti jeupe anayepita akigonga kitu kinalia ting ting kuita watu wakale. Sasa pale dirishani kuna swali moja, chungwa kwanza ama pesa kwanza? Wote wameshawahi kuibiwa. Kuna mama mmoja jirani yetu alikuwa na sheria yake, chungwa linashikwa na watu wawili, yeye chini na mteja juu, hakuna anayeachia mpaka sarafu ilie kwa beseni, na gari likianza kuvuta anakimbia nalo akiwa bado ameshika, beseni kichwani, anahesabu chenji kwa mdomo. Sikumbuki akipoteza chungwa. Alisomesha watoto kwa hiyo kazi, na biashara yote ilikuwa inachukua muda wa treni mbili kupishana.

Kwa hivo ukiuliza ni nini kilikufa hapa, mimi sisemi reli. Reli iko, chuma kwa chuma, mataruma yake ya chuma yako chini, yagonge na jiwe yanalia. Kilichokufa ni kule kusimama. Dizeli zilipochukua nafasi ya mvuke hakuna aliyehitaji tangi letu tena. Abiria wakahamia basi, treni zikapungua mpaka zikawa za siku chache kwa wiki, kwetu zinapita tu. Treni ya mwisho ya abiria ya Nairobi na Mombasa kwenye hii reli ilikuwa Aprili 2017, na tarehe 31 Mei mwaka huo huo Madaraka Express, treni ya reli mpya ya SGR, ikazinduliwa. Sitaki kuingia ule ugomvi wa SGR mbaya SGR nzuri, nimeipanda, saa tano hivi uko Mombasa na zamani ilikuwa usiku kucha na asubuhi yake, mtu asinidanganye eti anakumbuka ule usiku wa daraja la tatu kwa mapenzi, ulikuwa unalala umekaa na kuku wa mtu chini ya miguu. Lakini ile ya kusimama njiani inasimama Athi River, halafu Emali. Hapo katikati kulikuwa na stesheni kibao, na kila moja ilikuwa na mama wa machungwa wake.

Huduma kwa wateja siku hizi: iko, anaitwa mzee fulani, alikuwa mtu wa pointi na bado anaishi landhi. Nikiwa napiga picha akatoka na fimbo.

"Kijana, umekuja kupima shamba?"

"Hapana mzee, naangalia tu."

"Unaangalia nini na gari halipiti?"

Nikamtajia jina la mzee wangu. Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu, akasema wa gengi namba fulani, yule aliyekuwa na baiskeli nyeusi, na baada ya hapo nilipata kiti, chai na malalamiko ya miaka yote. Manake kila mtu anayekuja hapo na simu ama karatasi wanadhani anataka ardhi ya reli, na si ati wanaota, wameshawahi kuwekewa vigingi na watu wasiojitambulisha.

Kasoro sasa. Choo usikaribie, sakafu imeoza. Ofisi ya stesheni masta ina popo na harufu yake inakufuata mpaka kwa matatu. Vioo vimevunjika kila mahali, usiende na ndala. Kivuli ni cha mti mmoja tu na huo mti una wenyewe, vijana wa kucheza karata, na mmoja wao alinidai ada ya picha, nikamuuliza risiti, tukacheka yakaisha. Kubwa kuliko yote ni vyuma. Bolti zinaenda, bamba za kuunganishia reli zinaenda, hata ile kengele yetu ilienda hivo hivo, kwa kilo. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache na mzee anasema hiyo ndio miezi alilala vizuri. Ndio sababu sitaji jina. Na reli yenyewe bado ni mali ya Shirika la Reli, haijang'olewa, usikae katikati ukijipiga selfi ukijua haina kazi, gari la mizigo halitumi meseji.

Ukitaka kuona upande wa pili wa hii hadithi pitia Makumbusho ya Reli pale Nairobi, karibu na stesheni kuu, yamekuwepo tangu 1971. Hapo wamehifadhi injini vizuri, mbili za zile za mvuke za aina ya 59, kubwa kabisa, ziko, Mount Gelai na Mount Shengena. Zilitengenezwa 34 huko Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila moja tani 252, zimepewa majina ya milima yetu, na ukisimama kando ya gurudumu ndio utaelewa kwa nini nyumba za landhi zilikuwa zinatikisika. Behewa la Ryall pia liko hapo, yule mkubwa wa polisi aliyetolewa dirishani na simba kwenye stesheni ya Kima mwaka 1900, reli ikiwa imefika Nairobi mwaka mmoja tu nyuma na Kisumu bado, hiyo ilikuja 1901. Wageni wote wanakimbilia hilo behewa na siwalaumu. Mimi nikiwa hapo natafuta tu vitu vidogo, taa za gadi, simu za kuzungusha, manake ndio vitu nilivyoviona vikifanya kazi. Nenda makumbusho uone chuma, halafu nenda stesheni yoyote iliyoachwa uone watu walikuwa wanasimama wapi. Ukifanya moja tu umekula ugali bila mboga.

Nyota nne basi kwa mahali. Ya tano imeenda na mabati. Na zile mbili za utunzaji ni za mzee peke yake, anafagia jukwaa kila asubuhi na hakuna anayemlipa, sisi wengine wote tungepata sufuri.

Kwa wanaopanga kwenda: nenda asubuhi, jua la saa sita pale halina huruma. Beba maji. Futa kutu ubavuni mwa reli kwa kidole, kuna mahali utasoma jina la kiwanda na mwaka, watoto wanapenda hiyo. Usiokote bolti ya kumbukumbu hata moja. Ukimkuta mzee jitambulishe kwanza kabla ya kutoa simu mfukoni, mbebee sukari na majani, na usianze na maswali ya simba, hiyo ilikuwa 1900 na yeye hakuwepo, muulize siku magari matatu yalikutana hapo na njia ziko mbili.