Mashine ya Pilates ya nyumbani: kabla ya kulipa, zitazame springi

Anayetaka mashine ya nyumbani ya mazoezi ya Pilates, ile yenye kigari kinachoteleza juu ya reli mbili na ambayo walimu huiita rifoma, huuliza bei, kisha rangi ya ngozi, kisha kama inakunjwa. Springi haziulizwi. Miezi ikipita, malalamiko ni yale yale: kigari kinavuta upande mmoja, springi mbili za rangi moja hazina nguvu sawa, nyingine imeota kutu, na muuzaji hana ya kubadilisha. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja hili ndilo la kwanza kuangalia, maana hewa ya chumvi haijali mashine imenunuliwa shilingi ngapi.

Basi humu hamna habari za mito, rangi wala mbao za kupendeza. Hayo utayaona kwa macho yako.

Mashine hii haina vyuma vya uzito. Kazi yote inafanywa na springi nne au tano zilizofungwa chini ya kigari. Kila ukiivuta springi sentimita kumi zaidi, nguvu yake huongezeka kwa kiasi kile kile, na ukifunga mbili nguvu zao hujumlishwa. Ndiyo maana mwalimu akisema “nyekundu mbili na buluu moja” unapata kazi ile ile leo na wiki ijayo. Wanaoanza hudhani springi nyingi ndiyo kazi ngumu. Kwa kusukuma kwa miguu ni kweli. Kwa mazoezi ya tumbo, ukiwa umepiga magoti au umejinyoosha kwa mikono juu ya kigari, springi nyepesi ndiyo inayotesa, kwa kuwa hakuna kinachokizuia kigari na misuli yako ndiyo breki. Mashine isiyo na springi nyepesi hata moja inakunyima sehemu kubwa ya mazoezi. Gratz, kiwanda cha Marekani, hutumia springi za nguvu moja kwa makusudi, kwa ajili ya wanaofuata Pilates ya asili. Wengine wanaofanya hivyo wanabana gharama tu.

Rangi nazo hazina kanuni moja. Kwa kiwanda cha Balanced Body mpangilio kutoka nyepesi kwenda nzito ni njano, buluu, nyekundu, kijani. Kiwanda kingine hupanga kivyake, kwa hiyo usinunue springi ya akiba kwa kutaja rangi pekee.

Springi ya kuvuta mara nyingi hukatika mwishoni, pale waya unapoacha kuzunguka na kupinda kuwa kulabu. Hapo waya unavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja. Tena ndipo panaposuguana na chuma cha kushikia, rangi ya kinga ikachubuka na kutu ikapata mlango. Kutu huchimba vishimo vidogo, ufa huanzia kwenye kishimo, na siku springi inapokatika mtu yuko juu ya kigari, miguu ikiwa kwenye kamba. Chumba chenye kiyoyozi hakikuokoi. Ukikizima na kufungua dirisha, hewa yenye unyevu hugusa chuma kilichopoa na maji yanatonea juu yake. Tafuta springi ambayo mwisho wake umesinyaa kama koni na kushika kulabu ya kipande cha pekee inayozunguka, badala ya ile ambayo waya wenyewe umepindwa tu.

Ukifika dukani, nenda na mizani ya kuning'iniza inayopimia masanduku ya safari, futi ya chuma na karatasi ngumu kama kadi ya biashara. Fungua springi zote, kisha sukuma kigari kwa kidole kimoja kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Kisikwame na kisigongegonge; kikigonga kila gurudumu linapomaliza mzunguko, gurudumu hilo limebonyea kwa kukaa muda mrefu bila kusogezwa. Halafu shika springi moja moja ikiwa imelegea. Mizunguko yake yote iwe imegusana. Kadi ikipenya kati ya mizunguko, springi imechoka hata kama ni mpya kwenye boksi. Ipitishe polepole kwenye vidole ukitafuta mahali palipovunjika kidogo mstari. Springi iliyowahi kupindwa hainyooki tena.

Kisha mizani. Funga ncha moja ya springi kwenye mashine, ncha nyingine kwenye mizani, vuta sentimita 30, soma, vuta 60, soma tena. Uso usiwe kwenye mstari wa springi, na muuzaji ashike fremu. Linganisha springi za rangi moja. Tofauti ikizidi nusu kilo, mwambie akuletee nyingine. Hii ndiyo sababu ya kigari kuvuta upande: springi mbili zisizolingana zikiwekwa kulia na kushoto hukipindisha, magurudumu ya pembeni yanalika upande mmoja, na fundi anaishia kubadilisha magurudumu wakati ugonjwa uko kwingine. Mwisho, andika urefu wa springi ikiwa imelegea, upana wa mzunguko wake na unene wa waya. Vipimo hivyo vitatu ndivyo utakavyoagizia ya akiba.

Kuna kipimo kimoja kingine cha lazima. Lala juu ya kigari, weka nyayo kwenye chuma cha miguu, nyoosha magoti kabisa. Kigari kikigonga mwisho wa reli kabla magoti hayajanyooka, mashine ni fupi kwako. Mashine kamili nyingi huwa na urefu wa kati ya mita 2.2 na 2.45. Zile fupi za kuvutia kwenye picha huonekana nafuu kwa nafasi hadi mtu mrefu anapolala.

Kati ya mashine zilizopo, nafasi ya kwanza nampa Balanced Body, bila kusita. Kiwanda hiki cha California kilianzishwa na Ken Endelman mwaka 1976, na hadi leo kinauza kila springi peke yake kwa rangi yake. Tena kinasema waziwazi kwamba springi zibadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kiwanda kinachokuambia tarehe ya kutupa kipande chake kinakuheshimu. Kwa nyumba ya kawaida mashine yao ya Metro IQ inatosha. Allegro 2 ni ya mwenye chumba kikubwa na mfuko mzito zaidi. Raha yake ni chuma cha miguu kinachoteleza juu ya reli kwenda pale unapokitaka, hivyo mtu mfupi na mtu mrefu wanatumia mashine moja bila kuhangaika.

Ya pili ni Merrithew wa Toronto, wenye mfumo wa mazoezi wa STOTT PILATES. SPX yao ya nyumbani ni imara na springi zake zinapatikana kama vipuri. Ningeichukua kwa furaha iwapo mwalimu wako anafundisha kwa mfumo huo. Align-Pilates wa Uingereza ni ya tatu. F3 yao inakunjwa, jambo la maana kwa nyumba ya kupanga, lakini mashine ya kukunjwa ina bawaba kwenye reli: kagua kwamba gurudumu likipita kwenye maungio halirukiruki.

Ya nne ni mashine za mbao zisizo na jina kutoka China, ambazo ndizo zimejaa kwenye kurasa za wauzaji wetu. Fremu nyingi ni nzuri kweli. Springi ni bahati nasibu, kwa hiyo usinunue bila kuzipima kwa mizani, na usikubali bila seti ya pili.

Za mwisho ni zinazotumia kamba za mpira badala ya springi, kama AeroPilates za Stamina. Bei yake ni ya chini sana. Mpira hurudi kwa nguvu ndogo kuliko ulivyovutwa, nawe kwenye Pilates unahitaji upinzani wakati wa kurudi, na joto na jua huumaliza. Kwa kujinyoosha tu, sawa.

Sasa wauzaji. Picha ni ya mashine ya Allegro 2, kinachofika ni kingine, na ukiuliza unaambiwa “ni ile ile, kiwanda kimoja”. Bei imefichwa inbox ili kila mtu atajiwe kwa kadiri anavyoonekana. Neno Pilates kwenye fremu halithibitishi kitu: Oktoba 2000 mahakama ya New York iliamua kwamba hilo ni jina la aina ya mazoezi na si alama ya biashara ya mtu, kwa hiyo kiwanda chochote kinaweza kuliandika. Ukiuliza springi za akiba, jibu ni “hizi haziharibiki”. Springi zote huchoka. Anayesema hivyo hajawahi kufungua boksi la bidhaa anayouza, na bado anataka malipo yote kabla mzigo haujaondoka.

Kwenye usafiri ndipo watu wanapoumizwa zaidi. Mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Boksi la 240 kwa 70 kwa 35 linahesabiwa kama kilo 98, hata likiwa na uzito wa 60. Kwa meli boksi hilo ni karibu mita za ujazo 0.6. Piga hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kukubali “gharama za usafiri” zilizotajwa kwa mdomo. Juu yake kuna ushuru, kisha VAT ya asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya. Ankara iandike vifaa vya mazoezi, namba ya forodha 9506.91. Wapo mawakala wanaoandika “kitanda cha mbao”, mzigo ukaingia kwenye samani, na samani ziko kwenye kundi la asilimia 35 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki lililoanza Julai 2022. Kosa ni la wakala, anayelipa ni mnunuzi.

Seti ya pili ya springi iagizwe ndani ya mzigo ule ule, kwa sababu kuiagiza baadaye peke yake kunagharimu usafiri upya. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ukiwa umeandika tarehe. Zilizo kwenye mashine zipanguse kwa kitambaa kikavu kila wiki, zikague kwenye kulabu kwa tochi, na usizipake mafuta. Yanakusanya vumbi na kudondokea reli. Na kwenye ankara seti hiyo iwe na mstari wake: idadi, rangi na vipimo vitatu, ili boksi likifika bila springi uwe na karatasi ya kudai.