Uchumi au Uhasibu: usome ipi?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, swali ni lile lile. Muda haukusaidii kuamua: digrii zote mbili kwa kawaida ni miaka 3.

Tofauti inaanzia darasani. Uchumi ni hisabati iliyovaa kanzu. Ukifika kwenye ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, utakesha na regresheni, hesabu za kuona kitu kimoja kinavyohusiana na kingine. Aliyetoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) atapumua, aliyekimbia hesabu atajuta. Uhasibu hauna kalkulasi (calculus) nyingi, ila mizania ikigoma kulingana kwa shilingi 50, utaitafuta hiyo hamsini mpaka usiku.

Kwa ajira ya haraka uhasibu unaongoza: shule, SACCOS, hata duka la vipuri linahitaji mtu wa kufunga hesabu. Lakini ukitaka kupanda, kuna mitihani ya CPA, cheti cha mhasibu kitaaluma, ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi), na ada yake mara nyingi inatoka mfukoni mwako. Mchumi hana mitihani hiyo, ila milango yake ni michache: Benki Kuu, Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), idara ya mipango ya halmashauri, utafiti. Mingine hufunguka vizuri ukiwa na shahada ya uzamili.

Kama wadogo zako wanasubiri uwalipie ada, mimi ningekuelekeza uhasibu. Kama kwenu wanaweza kukuvumilia, na bei ya sukari ikipanda hulali bila kujua kwa nini, jaza uchumi.