Exodus: albamu ya 1985 au ile iliyorekodiwa upya?

Mashabiki wa thrashi, yaani muziki wa metali wa kasi na ukali, hawaachi kubishania hili kuhusu bendi ya Exodus: Bonded by Blood ya 1985, au Let There Be Blood ya 2008, yenye nyimbo zilezile zilizorekodiwa upya? Kwa usafi wa sauti, ya pili inashinda waziwazi. Gitaa la Gary Holt linakata, na ngoma za Tom Hunting unazisikia moja moja.

Uimbaji ni kesi nyingine. Paul Baloff, mwimbaji wa ile ya 1985 aliyefariki 2002, hakuwa fundi wa kuimba, lakini kelele zake za kichaa Rob Dukes, mwimbaji wa ile ya 2008, hazifikii.

Ukiifuata ya kwanza kwenye santuri, ujue vumbi na sindano vitakusumbua.

Unajifunza kupiga gitaa? Chukua ya 2008. Unatafuta fujo yenyewe? Ya 1985.