TAHADHARI: Fundi wa friza anayezunguka Mbagala, yule wa "barafu nyeupe ni gesi"

Wenye friza Mbagala, Chamazi, Kijichi mpaka Kongowe, someni hii kabla hamjamfungulia mtu geti. Kuna fundi anazunguka, mrefu kiasi, sauti ya upole, begi jeusi la mgongoni lenye geji na mipira ya bluu na nyekundu. Huyo si fundi. Ni mwizi, tena mwizi anayevua viatu mlangoni.

Friza yangu ni ile ya kulala. Barafu za ukwaju na mabonge ya wauza juisi ndiyo yanayolipa ada. Sasa masika haya ikaanza kuota barafu ukutani, ganda juu ya ganda, mpaka kapu la juu likawa haliingii. Umeme wa luku nao unakatika kabla sijaugusa. Nikamuuliza mama wa genge, akasema kuna kijana alimtengenezea wifi yake, mstaarabu, hana tamaa. Akanipa namba.

Akaja Alhamisi asubuhi. Na hapa nataka mnielewe, maana nimeshawasikia mnaocheka eti mtoto wa mjini naye kaingizwa mjini. Alikuja saa aliyosema. Nikampa juisi, akakataa, akasema amefunga. Kianzio hakutaka hata shilingi. Nyie mmewahi kumwona fundi gani Dar anayekataa kianzio? Kuna seremala nimempa hela tangu Mfungo Sita, kabati sijalitia machoni mpaka leo. Sasa anakuja mtu wa namna hii, huna sababu ya kumfikiria vibaya.

Basi kafungua friza, kaangalia, kaguna. Akaomba kijiko. Akakwangua lile ganda kule juu karibu na kifuniko, akanishika mkono akaniwekea kiganjani. Akasema, "Mama, mabonge yako ya kuuza si yanaangaza, unaona mpaka upande wa pili? Sasa tazama hii." Nikatazama. Nyeupe pe, laini, kama nazi iliyokunwa. "Hii siyo maji, mama. Hii ni gesi. Bomba limechoka, gesi inatoka humu ndani kidogo kidogo inaganda. Na watoto wanakula barafu za humu?"

Alipotaja watoto ndipo aliponimaliza. Mimi barafu nagandisha kila siku ya Mungu, naijua barafu, na ile kweli haikufanana na yangu. Ushahidi uko kiganjani unayeyuka, mtu anakutazama kwa huruma. Wewe ungesemaje?

Hakuishia hapo. Akatoboa kijibomba pembeni ya mota, akafunga geji ya kupimia gesi, akawasha friza, akaniita nije nione mwenyewe. Sindano ikashuka mpaka sifuri, ikapita kidogo chini yake, ikatulia. "Umeona? Tupu." Nimeona kwa macho yangu haya mawili! Akamimina maji ya moto, akayeyusha ganda lote, akafuta vizuri kabisa na kitambaa chake, akachomeka kikopo kikalia tsss, akasema 80,000. Usiku ule friza ikapoa ile mbaya. Nikamsifia mtaa mzima. Namba yake nimeigawa kwa mkono wangu, ndiyo maana naandika.

Haukupita muda, ganda likarudi, pale pale juu. Nampigia, kaja mbio, hana kinyongo. Safari hii eti gesi mpya imeikuta mota imezeeka, mota inaikataa, ing'olewe. 120,000, na ile ya zamani anaichukua yeye "kunipunguzia bei". Akaiachia gesi iliyokuwemo pale pale koridoni, akawasha moto wa kuchomelea, hatua chache kutoka mtungi wangu wa kupikia, na mjukuu kalala chumbani. Mota aliyoleta jioni ilikuwa nyeusi inang'aa. Nilipoigusa rangi ikabaki kidoleni. Nikamuuliza, mbona rangi mbichi? Akacheka, "Mama, ndiyo upya wenyewe huo."

Upya wenyewe huo! Ikanguruma usiku kucha, asubuhi oda yote maji, samaki wa shemeji wanatoa harufu, na mimi nikimpigia hapatikani. Mama wa genge naye kumbe wifi mwenyewe hajawahi kumwona, kasikia kwa mtu.

Shemeji ndiye kaniletea fundi wa kweli, mzee mmoja mkali mkali. Hakushika hata bisibisi. Kachomoa noti ya 1,000 mfukoni mwangu, kaibana kwenye kifuniko, kaivuta. Mbele ikagoma. Pembeni ikagoma. Kona ya nyuma karibu na bawaba ikatoka yenyewe bila ubishi. Mpira wa kifuniko umebonyea pale, ndoo za ukwaju zinashinda juu yake. Ugonjwa wote ndio huo. Hewa ya nje inapenya kwenye ile kona, na hewa ya Dar wakati wa masika ina unyevu wa kutosha. Unyevu huo ukigusa ukuta wenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri unaganda palepale, chembe chembe, na hewa inanaswa katikati. Weupe ni wa hiyo hewa. Ni maji, jamani. Maji matupu! Gesi ya friza inazunguka kwenye bomba lililofungwa, haiishi kama ya jikoni, na ikivuja haikuletei theluji kule kwenye kifuniko. Friza inapoteza baridi tu, mota haipumziki.

Na ile sindano? Nyuma ya friza yangu kuna kibandiko kimeandikwa R600a. Mzee anasema kwa gesi hiyo, friza ikiwa inafanya kazi, upande ule sindano kufika sifuri au chini kidogo ni kawaida. Kwa hiyo yule mwizi alinionyesha friza nzima akaiita mgonjwa. Kilichoniponyesha mara ya kwanza ni yale maji ya moto basi, kwa sababu ganda nene linazuia baridi isifike kwenye vitu. Nimelipa 80,000 ya kuyeyushiwa barafu.

Halafu mzee akakwangua ile rangi nyeusi kwa ukucha ubavuni mwa mota. Yakatokea maandishi: R134a. Mota kuukuu ya gesi nyingine kabisa, kaipaka rangi. Yangu nzima kaondoka nayo. Na hiyo R600a aliyoiachia koridoni inawaka, ni jamaa ya gesi ya kupikia. Kaifungulia ndani ya nyumba halafu kapiga kiberiti. Nikifika hapo nashindwa hata kukaa chini.

Mpira wenyewe ulinyooshwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Mkitaka kujua dalili ndizo hizo: mtu anakimbilia gesi kabla hajagusa mpira wa kifuniko, hasomi kibandiko cha nyuma, anataka kuondoka na mota yako ya zamani. Mengine mtajaza wenyewe, mimi sina utulivu wa kuorodhesha.

Ninachotaka mimi ni huyu mtu akamatwe. RB ninayo, nimeshaandika maelezo kituoni, askari kaniambia nikimwona nipige simu. Mama mkwe anataka isomwe albadiri, na mimi sijamkatalia. Simtakii kipigo cha mtaani, msije mkanielewa vibaya. Namtaka mzima, asimame mahakamani aelezee gesi nyeupe mbele ya hakimu, hakimu aletewe kijiko. Alipe mota, alipe oda, alipe samaki, kisha akakae ndani mwezi wa kwanza wote bila feni. Hivi mtu unafunga Alhamisi halafu unakwenda kumwibia mama wa watu? Funga gani hiyo?

Waliopewa namba yake na mimi, msimpigie kumtukana, atazima moja kwa moja. Mwiteni kwa upole kama mnataka kazi, mkeni chai, halafu nipigieni mimi. Na kama kuna fundi au mwenye duka hapo Rangi Tatu kauziwa karibuni mota ya mtumba ya R600a, nzima, kijibomba chake kimetobolewa pembeni, kwa bei ya kutupa, hiyo ni yangu. Sigombi na wewe, njoo tuongee bei.