Close to the Edge: santuri au simu?

Albamu Close to the Edge ya bendi ya Yes kutoka Uingereza, iliyotoka mwaka 1972, ina nyimbo tatu tu, na ule uliobeba jina la albamu, wenye takriban dakika 18, hujaza upande mzima wa kwanza wa santuri. Sindano ikifika mwisho, msikilizaji hulazimika kuinuka kugeuza upande, na ukimya huo mfupi humpa nafasi ya kutua baada ya kinanda cha kanisa cha Rick Wakeman, mpiga kinanda wa bendi hiyo. Simu haina subira hiyo. Wimbo wa pili huingia papo hapo. Hata hivyo, sauti za ndege wanaoimba na maji za mwanzoni mwa wimbo wa kwanza husikika safi zaidi kwenye simu, kwa kuwa santuri kuukuu (yangu imechubuka hapo hapo) huzifunika kwa mikwaruzo. Bado ningechagua santuri.