Vijana waliotuletea unga wakati wa korona, na ile picha ya mwanangu

Juzi kati nimepita Mwanjelwa nikakuta asasi moja ya vijana imefunga bango lake kubwa, na kwenye bango yupo mwanangu. Yule yule, na fulana yake iliyotoboka begani. Nimerudi nyumbani sijanunua hata nyanya nilizoendea. Kwa hiyo leo naandika, maana kila siku nasikia wanasifiwa tu.

Mimi ni mama lishe wa Uyole, hapa Mbeya. Mwaka 2020 shule zilifungwa mwezi Machi, watoto wote wakawa nyumbani wanataka kula, na riziki yangu ilikuwa madereva wa malori yanayokwenda Tunduma, mpakani na Zambia. Mwezi Mei Zambia ikafunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa, malori yakapanga foleni kule. Hata yalipoanza kutembea, watu waliwaogopa madereva, na anayewapikia akaogopwa pia. Wali nilikuwa natoka nao asubuhi, jioni narudi nao. Mjumbe aliposema kuna vijana wanaandikisha familia zenye hali ngumu, nilijiandikisha bila aibu yoyote.

Na walijipanga, lazima niseme ukweli. Pale kwenye kiwanja walichora mistari ya chokaa ili tusimame mbalimbali. Kulikuwa na ndoo yenye koki, sabuni pembeni. Wakagawa barakoa za kitenge, kijana mmoja akawa anawaonyesha watoto kwamba pua nayo inafunikwa, siyo mdomo peke yake, na kwamba ukishaivaa usiishike-shike. Mwanangu, wakati huo darasa la tatu, alisikiliza kweli kweli.

Zamu yetu ikafika. Unga, mafuta ya kula, mche wa sabuni. Mkubwa wao, kijana mwenye kipaza sauti, akatuweka mbele ya bango, tukapigwa picha. Mpiga picha akatazama kamera yake, akasema sura ya mtoto haionekani. Basi yule mkubwa akamwambia mwanangu, kwenye kipaza sauti, watu wote wanasikia: "Dogo, shusha barakoa uso uonekane. Na wewe mama, cheka basi, si umepata unga?"

Mtoto akaniangalia. Hajui amsikilize nani, maana hata maji ya kunawa hayajamkauka mikononi, na waliomkataza kuivua ni hao hao. Nikasema, kaka, si mmemwambia asivue? Akanijibu wafadhili wanataka kuona wanaosaidiwa, nifanye haraka, foleni ndefu. Nyumbani hapakuwa na unga. Niliishusha ile barakoa kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka kifua kinajaa.

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, picha ilishazunguka kwenye simu za watu. Wenzake wakampa jina, mtoto wa unga. Akawa anaumwa tumbo kila asubuhi. Nilikwenda ofisini kwao kuomba waitoe, nikaambiwa nilisaini. Nilisaini kupokea unga! Hakuna aliyenisomea habari ya picha.

Nilitaka niishie hapa na niseme msiwapokee kabisa. Lakini nitakuwa nimemdhulumu binti mmoja wa hao hao, wa kujitolea, aliyekuwa akipita mtaani kwetu na karatasi za maswali shule zilipokuwa zimefungwa. Vipindi vya masomo vilikuwepo kwenye televisheni na redio, ila televisheni sisi hatuna. Yule binti alibisha hodi, akauliza, "Mama, naweza kukaa hapa nje?" Akakaa kwenye kigoda mbali na mlango, kwenye baridi la Uyole la mwezi wa sita, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mwanangu hasomi, anakariri. Mtoto alikuwa anasoma ng'ombe kama anavyosoma ngoma, na mwalimu wake mwenye darasa lililofurika hakuwahi kuliona hilo. Walirudia silabi hizo mpaka zikakaa. Hakuwahi kumpiga picha hata moja. Kusoma kwa mwanangu leo naweka mikononi mwa binti huyo, na alitumwa na asasi hiyo hiyo.

Sasa nihukumu vipi? Unga tuliula, nashukuru. Karatasi zile zilinisaidia kuliko unga. Ila bango bado linatembea mikutanoni na uso wa mwanangu, na yeye sasa ni kijana mkubwa anayenyoa ndevu, hakuulizwa wala mimi sikuulizwa.

Wakija kwenu, pokeeni. Mkifika kwenye bango, semeni wapige picha magunia. Na wakisema hakuna picha hakuna unga, mwiteni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa asimame pale pale alisikie neno hilo, na mtoto abaki na barakoa yake usoni.