Altezza kwa Mwanza: fedha ya kwanza iende chini ya gari

Toyota Altezza ilitoka Oktoba 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka nchini Japani msimu wa 1998–1999, na uzalishaji wake ukakoma 2005. Ni gari la zamani sasa. Lakini liingize kwenye Daraja la J. P. Magufuli, kilomita 3 za lami safi kati ya Kigongo na Busisi, au kwenye kona za kushuka kuelekea Nyegezi, utaona kwa nini bado linatafutwa: injini mbele, magurudumu ya nyuma yanasukuma, kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili juu na chini, na uzito hauzidi sana kilo 1,350. Usukani unakuambia tairi linafanya nini. Sedani nyingi za Toyota za bei hii hazifanyi hivyo.

Utamu huo wote unakaa kwenye bushi, yaani vipira vya maungio ya mikono hiyo, na bolijointi, yaani maungio ya duara yanayoruhusu gurudumu kugeuka. Kwa bahati mbaya, Altezza nyingi zinazotangazwa mjini zimewekewa rimu na taa mpya kabla hata bushi moja haijaguswa.

Kwanza injini. Altezza ni za aina mbili. AS200 ina injini ya 1G-FE, silinda 6 za mstari, cc 1,988, nguvu farasi 160. RS200 ina 3S-GE, silinda 4, cc 1,998, yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka) kwenye kamshafti zote mbili; ya gia za mkono inatoa farasi 210 kwenye mizunguko 7,600, ya otomatiki 200. Hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Hapa basi 210 inabaki kama 186, na 160 inabaki kama 142. Anayekuahidi 210 Mwanza anasoma karatasi.

Mwinuko huo una faida yake pia. RS200 ya gia za mkono ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Hewa yetu nyepesi inaipunguzia hatari ya injini kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Inapunguza tu, haiondoi. Ukisikia mlio kama wa njugu zinazotikiswa kwenye kopo wakati unapanda Bugando kwa gia ya tatu na mizunguko midogo, shusha gia, wala usikanyage zaidi. RS200 inataka kuzungushwa: msukumo wake wa juu kabisa, Nm 216, unakuja kwenye 6,400, wakati AS200 inatoa Nm 200 kwenye 4,400. Kwa foleni ya Barabara ya Kenyatta na vilima vya Isamilo, AS200 ya gia 6 za mkono ndiyo inayofaa zaidi. Anayekimbilia RS200 ajue analipia raha ya juu ya mizunguko 6,000. Gita, ile ya steshenwagoni, ipo pia na injini ya 2JZ-GE ya lita 3, ila hiyo ni ya otomatiki tu na ni mjadala mwingine.

Kuagiza kutoka Japani leo maana yake ni kulipa kodi ya uchakavu kwa sababu ya umri wa gari, hivyo wengi watanunua lililokwisha kusajiliwa hapa. Usilinunue kabla hujaliona chini. Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kutu nzito chini ya sakafu kwa kawaida imekuja na gari, kutoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Gonga kingo za chini za milango na sehemu zinaposhikiliwa bushi za nyuma; chuma kikitoa sauti ya kufa, acha gari hilo.

Sasa bolijointi za chini za mbele, kwa kuwa ndizo udhaifu hatari wa Altezza. Zikichoka sana huchomoka, gurudumu linalala, na breki haisaidii kitu. Weka jeki chini ya mkono wa chini ili jointi isibebe mzigo, inua tairi sentimita chache, tia nondo chini ya tairi uinue kidogo kidogo huku mwenzio ameshika jointi kwa vidole. Akisikia mchezo wowote, badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Usikubali ya mtumba hapa, hata kama inaonekana mpya. Mpira wake unaweza kuwa mzima na ndani pameliwa. Bushi za mikono ya mbele zinafuata. Barabara za mawe za mitaa ya milimani zinazitwanga kila siku, na dalili yake ni gari kuvuta upande mmoja ukikanyaga breki. Jambo moja mafundi wengi hukosea: bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukizikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejipinda na unachanika mapema.

Baada ya hapo ndipo shokapu, kisha alaimenti. Ukitaka kushusha gari, sentimita 2 na nusu hadi 3 kwa springi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo zinatosha. Nafasi ya chini ya kiwandani yenyewe ni kama sentimita 13, na matuta ya kuelekea Buhongwa na Igoma hayana huruma. Springi ya kukatwa kwa gurinda ni uharibifu: haikai vizuri kwenye kikombe chake, na shokapu inafanya kazi ikiwa karibu na mwisho wa safari yake hadi inavuja.

Kwenye rimu, saizi ya kiwandani ya 215/45R17 inafaa. Lakini tunapendekeza 205/55R16 bila kusita. Kimo cha tairi zima kinatofautiana chini ya milimita 7, hivyo spidomita haidanganyi, ila ukuta wa tairi unaongezeka milimita 16, na huo ndio unaookoa rimu kwenye shimo. Ukienda 18 na 215/40, ukuta unabaki milimita 86, na rimu litapinda. Mashimo ya bolti ni 5 kwenye duara la milimita 114.3, tundu la katikati milimita 60.1. Rimu lenye tundu kubwa zaidi litafutiwe pete ya kujazia, la sivyo usukani utatetemeka hata baada ya balansi.

Injini zote mbili zinatumia taimingi belti, si cheni. Ikikatika, valvu hukutana na pistoni. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba ilibadilishwa ndani ya kilomita 100,000, ihesabu imekwisha: badilisha belti, rola, tenshena, sili za mbele na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Sailensi, yaani mizunguko ya injini gari likiwa limesimama, ikipandashuka, safisha trotoli kabla ya kununua sensa. VVT-i ikizubaa, fungua kichujio kidogo cha waya kwenye njia ya oili ya valvu yake. Oili iliyocheleweshwa hukiziba. Kilomita 5,000 kwa kila oili, si zaidi.

Giaboksi ya gia 6 za mkono haipendi haraka. Ikikwaruza kuingia gia ya tatu, oili mpya ya 75W-90 inaweza kusaidia kama sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha kasi ya gia, hazijaliwa. Legeza kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukifanya kinyume na ya kujazia ikagoma, gari limelala bila oili.

Kukata masega (kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) na kuweka sailensa ya kelele hakuongezi nguvu ya maana kwenye injini hizi, na taa ya injini itawaka. Kichujio cha koni kilicho wazi ndani ya boneti kinavuta hewa ya moto, na hewa yetu tayari ni nyepesi. Acha boksi la kiwandani, weka kichujio kipya, kikague mara nyingi ukiishi mtaa wa vumbi.

Taa za mbele zilizogeuka njano zinarudi: msasa wa maji namba 800, kisha 1,500, kisha 2,000, polishi, na mwisho vanishi ya kuzuia jua. Ukiruka vanishi, baada ya muda si mrefu njano inarudi. Zile za nyuma, zilizofanya taa za mtindo huo ziitwe kwa jina la gari hili hata Marekani, ziache za kiwandani. Za kopi huingiza maji kwenye buti.

Na msimu wadudu wa ziwani wanapotanda, osha rejeta. Wadudu hao hujaza mapezi ya kondensa ya AC na rejeta hadi feni haivuti kitu, na mshale wa joto huchelewa kukuonya. Maji ya bomba ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje, jioni injini ikiwa imepoa. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi, na yakishalala hayanyooki vizuri tena.